Muhuri wa Kijiji na Kazi ya Askari

Kila kijana wa Uganda anayejitokeza kuandikishwa katika jeshi la UPDF huja na barua mkononi. Barua hiyo huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji chake, hupanda kwenye muluka na gombolola, hupitia kwa maafisa wa usalama wa wilaya, na kila ngazi hupiga muhuri wake. Afisa anayesimamia uandikishaji hamjui kijana yule wala hakupata kuiona nyumba ya wazazi wake. Hulitegemea neno la mwenyekiti ambaye huenda ni mkulima wa kahawa au fundi wa baiskeli, aliyechaguliwa na majirani zake. Ndiyo kusema kwamba askari wa Uganda, kabla hajashika bunduki, ameshapita mikononi mwa serikali ya mitaa.

Askari polisi naye hukutana na muhuri huo huo kila siku. Mdhamini wa mshtakiwa huleta barua ya mwenyekiti wake. Upekuzi wa nyumba kwa desturi hufanywa mbele ya mwenyekiti. Mgeni aliyehamia mtaani jana hujulikana kwanza kwa mwenyekiti, kisha kituoni. Pale serikali ya kijiji inapokuwa hai, kituo cha polisi hupokea makosa ya jinai. Pale inapolala, kituo hupokea kila kitu: mpaka wa shamba, deni la mabati, mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, na mume na mke waliogombana. Askari watano hawawezi kubeba mzigo huo, na wakiubeba watauacha ule uliowapeleka pale.

Kwa sababu hiyo suala la kupeleka madaraka wilayani, ambalo mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni la mahesabu na wataalamu tu, linawahusu sana wanajeshi na polisi. Inafaa wajue lilikotoka.

Hapo zamani serikali ya wilaya ilishuka kutoka juu. Katika enzi ya Waingereza chifu wa gombolola na chifu wa saza walikusanya kodi, walihukumu kesi ndogo na waliwatoa watu kwenda kufanya kazi za barabara. Mtu aliyekadiriwa kodi kubwa kupita uwezo wake alimkuta chifu mlangoni akimdai, kisha akamkuta tena barazani akisikiliza malalamiko yake. Mwezi wa Januari 1960, miaka miwili na ushei kabla ya uhuru, wananchi wa wilaya ya Bukedi, mashariki mwa nchi, waliinuka dhidi ya makadirio ya kodi ya kichwa iliyopangwa kwa madaraja. Mali za machifu ziliharibiwa, polisi waliitwa, na watu walipoteza maisha. Askari aliyesimama siku ile kati ya umati na nyumba ya chifu hakuwa amemkadiria mtu yeyote kodi. Alitumwa kuzima moto uliowashwa na meza ambayo hakuketi.

Baada ya uhuru wilaya ziliwahi kuwa na mabaraza yenye nguvu, na Buganda ikawa na serikali yake ndani ya shirikisho. Mgogoro wa 1966 ulimaliza mpango huo. Sheria ya Utawala wa Mitaa ya mwaka 1967 iliyaweka mabaraza chini ya mamlaka ya waziri aliyekuwa Kampala, hata mambo madogo yakawa yanangoja kibali chake. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, hata mabaraza hayo yaliyofungwa mikono yalivunjwa. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, na wengi wa magavana waliopewa majimbo hayo walikuwa wanajeshi. Askari waliteuliwa pia kuwa machifu.

Tendo hilo huelezwa kwa kawaida kuwa ni madhara yaliyowapata raia, na kweli yaliwapata. Lakini jeshi nalo liliumia. Afisa aliyefundishwa kuongoza kikosi hakufundishwa kukagua dawa za zahanati wala kupanga bei ya pamba. Alipokosea, mwananchi hakuwa na mahali pa kumshtaki, kwa maana aliyemkosea ndiye aliyekuwa mwenye serikali, mwenye mahakama na mwenye bunduki. Chuki iliyostahili kumwendea mtawala mbaya ikalielekea vazi la askari. Miaka mingi ilipita kabla ya mama wa kijijini kumwona mwanajeshi barabarani na kuendelea na njia yake bila kukimbilia migombani.

Mbegu ya mpango mwingine ilipandwa vitani. Vita vya msituni vilivyoanza kwa shambulio la Kabamba tarehe 6 Februari 1981 vilipiganwa zaidi katika eneo lililoitwa Pembetatu ya Luwero. Wapiganaji wa NRA walihitaji chakula, habari na njia za kupita, na vyote vilikuwa mikononi mwa wanavijiji. Machifu wa serikali walikuwa wamekimbia au walikuwa wakiwataja watu kwa maadui zao. Basi vijiji vilichagua kamati zao, zilizokuja kujulikana kwa herufi RC, yaani Mabaraza ya Mapambano. Kamati hizo zilikusanya chakula kwa utaratibu badala ya kila mpiganaji kujichukulia, zikapokea malalamiko ya raia dhidi ya wapiganaji, na zikaamua ugomvi wa wanakijiji wenyewe. Kanuni za mwenendo za NRA zilimkataza mpiganaji kumtukana raia au kuchukua mali yake bila kulipa. Kanuni ya namna hiyo haina maana mpaka awepo mtu wa kumpelekea mkuu wa kikosi mashtaka, na mtu huyo alikuwa mwenyekiti wa RC.

NRA ilipoingia Kampala tarehe 26 Januari 1986, mfumo huo ulienezwa nchi nzima kwa ngazi tano, kuanzia RC I ya kijiji hadi RC V ya wilaya. Kijijini kila mtu mzima alikuwa mjumbe wa baraza, na baraza lilichagua kamati ya watu 9, akiwamo katibu wa usalama. Serikali iliunda tume iliyoongozwa na Profesa Mahmood Mamdani kuchunguza mfumo wa serikali za mitaa. Sheria ya mwaka 1987 iliyapa mabaraza hayo nguvu ya kisheria, na ile ya 1988 ikazipa kamati uwezo wa kuhukumu mashauri madogo. Watu waliokuwa wakilala nje ya kituo cha polisi kudai deni la magunia mawili ya maharage wakaanza kuamuliwa chini ya mwembe, kwa lugha yao, na watu wanaojua nani alipanda nini na wapi.

Hata hivyo kuamua kesi za kijiji ni jambo moja, na kuendesha wilaya ni jambo jingine. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 baraza la wilaya lilikuwa na wajumbe waliochaguliwa, lakini mhasibu, mhandisi, daktari na afisa elimu wa wilaya waliajiriwa na wizara na wakapokea amri kutoka Kampala. Fedha nazo zilipitia wizara. Diwani aliweza kuona daraja limebomoka, akalisemea barazani, akapigiwa makofi, na daraja likabaki limebomoka.

Tarehe 2 Oktoba 1992 Rais Yoweri Museveni alizindua rasmi sera ya kupeleka madaraka wilayani. Jaberi Bidandi Ssali, aliyekuwa Waziri wa Serikali za Mitaa katika miaka hiyo, ndiye aliyeisimamia kwa muda mrefu. Sheria ilifuata mwaka 1993. Katika mwaka wa fedha wa 1993/94 wilaya 13 za kwanza zilipewa fungu lao wenyewe katika bajeti ya taifa, na wilaya nyingine ziliingizwa katika miaka miwili iliyofuata. Katiba ya 1995 iliyaweka mambo hayo katika sura yake ya 11, RC zikabadilishwa jina na kuwa LC, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikaeleza mgawanyo wa kazi na fedha. Kwa sheria hiyo, katika kila shilingi 100 zinazokusanywa na gombolola, shilingi 65 hubaki humo na 35 hupanda wilayani; na katika zile zilizobaki, asilimia 25 huteremshwa vijijini. Shule za msingi, zahanati, barabara ndogo, maji ya visima na ugani wa kilimo vikawa kazi za wilaya na ngazi zilizo chini yake.

Ulinzi wa nchi, silaha, na utunzaji wa sheria na amani vilibaki mikononi mwa serikali kuu. Hilo halikuwa la bahati mbaya. Nchi iliyoyajua majeshi ya kikabila na magavana wenye vikosi haikutaka kila wilaya iwe na bunduki zake.

Katika miaka hiyo hiyo jeshi lenyewe liliuonja mpango huu. Kati ya 1992 na 1995 askari zaidi ya 36,000 wa NRA waliachishwa jeshi na kurejeshwa makwao. Walipewa fedha, mabati, majembe na mbegu, na mpango wao uliendeshwa kupitia ofisi za wilaya. Askari aliyeshuka kwenye lori akiwa na mabati yake alihitaji kiwanja, na kiwanja hakikuwa kambini. Alikutana na baba zake wadogo, wake za ndugu zake, na kamati ya RC. Pale ambapo kamati ilikuwa imara na yenye busara, alipata pa kujenga na watu wa kumsikiliza. Pale ilipokuwa dhaifu, alionekana mgeni katika kijiji alichozaliwa. Yeyote aliyeko jeshini leo atastaafu siku moja, naye atafikia kwenye baraza hilo hilo.

Tatizo lililojitokeza mapema lilikuwa la uwezo. Kumkabidhi mtu madaraka bila kumpa ujuzi ni kama kumkabidhi kuruta gari la deraya siku ya kwanza. Wilaya nyingi hazikuwa na wahasibu waliosoma. Vitabu vya hesabu havikufungwa kwa wakati. Zabuni zilitolewa kwa jamaa, na mpango wa maendeleo ulikuwa orodha ndefu ya matakwa isiyo na bei.

Wafadhili waliokuja kusaidia walianza kwa njia ya kawaida, kila mmoja akachagua wilaya yake. Denmark, kupitia shirika lake la DANIDA, ilijulikana sana Rakai. Wilaya iliyopata rafiki ilipata magari na mafunzo, na jirani yake isiyo na rafiki ikabaki ikitazama. Njia hiyo ilijenga mambo mema, lakini haikuweza kujenga nchi.

Njia iliyofaa zaidi ilijaribiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya tano: Arua, Jinja, Kabale, Kotido na Mukono. Mpango huo ulisaidiwa na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo ya Mitaji. Badala ya mfadhili kujenga zahanati mwenyewe kisha akaikabidhi kwa sherehe na ngoma, wilaya na gombolola zilipewa fedha za maendeleo zichague zenyewe la kujenga. Lakini kwanza zilitakiwa kutimiza masharti: ziwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitatu, hesabu zilizoandaliwa, bodi ya zabuni inayofanya kazi, na mchango wao wenyewe wa asilimia 10. Kila mwaka wakaguzi walikuja kupima. Waliofanya vizuri waliongezewa asilimia 20 mwaka uliofuata, na waliozembea walipunguziwa asilimia 20. Benki ya Dunia iliuchukua mtindo huo mwaka 2000 na kuusaidia kuenea katika sehemu kubwa ya nchi.

Askari ataelewa upesi kwa nini njia hiyo ilifaulu kuliko semina. Kikosi hakijifunzi kulenga shabaha kwa kusomewa kitabu. Hupewa risasi, hupelekwa uwanjani, na kila tundu la karatasi huhesabiwa. Diwani aliyesikia kwamba gombolola ya jirani imeongezewa fedha na yake imepunguziwa kwa sababu karani hakufunga vitabu, alirudi nyumbani na swali moja tu la kumuuliza karani. Mafunzo ya uhasibu yaliyokuwa yakihudhuriwa kwa ajili ya posho yakaanza kuhudhuriwa kwa ajili ya uhasibu. Mipango ya baadaye ilifuata nyayo hizo, ukiwamo ule wa miundombinu ya miji ulioanza mwaka 2013 kwa miji 14, kutoka Arua hadi Tororo.

Lakini mkaguzi wa kutoka juu si jicho pekee linalofaa. Kati ya 1991 na 1995 fedha ambazo serikali kuu ilizituma kwa matumizi ya shule za msingi zilichunguzwa, na ikaonekana kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu zilizofika shuleni. Nyingine ziliishia njiani, nyingi zikiwa katika ofisi za wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini na redioni kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika ilizidi asilimia 80. Wataalamu hubishana kuhusu sehemu gani ya mafanikio hayo ilitokana na gazeti na sehemu gani ilitokana na hatua nyingine zilizochukuliwa wakati huo, maana elimu ya msingi ya bure ilianza Januari 1997 na macho ya nchi nzima yalikuwa shuleni. Lisilobishaniwa ni kwamba mzazi aliyeijua hesabu aliweza kumuuliza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaweza kumuuliza afisa elimu. Karatasi ile ya ukutani ilifanya kazi ambayo kachero angeifanya kwa miezi mingi.

Ipo sehemu moja ya historia hii ambayo polisi wa zamani hawaisahau. Wilaya zilikuwa na askari wao, polisi wa utawala wa mitaa, na moja ya kazi zao kubwa ilikuwa kuwasaka watu wasiolipa kodi ya kichwa. Alfajiri wanaume walilala vichakani. Vizuizi viliwekwa njiani siku za soko. Mtu asiye na tiketi ya kodi alifungwa kamba kama mwizi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2005, na katikati ya miaka hiyo ya 2000 askari wale waliunganishwa na Polisi ya Uganda. Wananchi walishangilia, na ni nani angewalaumu? Wilaya, hata hivyo, zilipoteza chanzo chao kikubwa cha mapato yao wenyewe. Fidia iliyotoka serikali kuu haikuziba pengo lote. Kodi mpya ya huduma za mitaa iliyoanza mwaka 2008 ni ndogo, na sheria iliwasamehe wanajeshi, polisi na askari magereza wasiilipe. Mke wa askari hujifungulia katika kituo cha afya cha wilaya na watoto wake husoma katika shule ya wilaya, naye mumewe hadaiwi kodi hiyo. Ni heshima ambayo nchi imempa, na si vibaya akiikumbuka anapokuta choo cha shule kimeharibika.

Tangu hapo wilaya zimeishi zaidi kwa fedha za serikali kuu, zaidi ya asilimia 90 ya mapato yao, na nyingi za fedha hizo huja zikiwa tayari zimepangiwa kazi. Idadi ya wilaya nayo iliongezeka. Zilikuwa 33 mwaka 1986, na kufikia mwaka 2020 zilikuwa 135, mbali na Jiji la Kampala na majiji mapya yaliyotangazwa mwaka huo. Watu wa pembezoni waliodai wilaya yao walikuwa na sababu nzuri, kwani waliochoka kutembea siku nzima kutafuta hati walitaka ofisi karibu. Lakini kila wilaya mpya huhitaji mkuu wa polisi, kituo, gari, mhandisi, daktari na mhasibu wake. Wilaya iliyogawanywa mara tatu huwa na viti vitatu vya mwenyekiti, na mara nyingi greda lile lile moja.

Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, na uteuzi wa Afisa Mtawala Mkuu wa wilaya, anayejulikana kwa herufi CAO, ukaondolewa katika tume ya utumishi ya wilaya na kurudishwa serikali kuu. Waliotetea hatua hiyo walisema kwamba maafisa hao walikuwa wakinyanyaswa na wanasiasa wa wilaya kila walipokataa kutia saini malipo mabaya. Waliopinga walisema kwamba mwajiri akiwa Kampala, mtumishi naye hutazama Kampala. Pande zote mbili zilisema kweli, na mvutano huo unaonekana hadi leo katika kila wilaya ambayo mwenyekiti na CAO hawasemezani.

Jambo lililoudhuru muhuri wa kijiji kuliko yote lilikuwa kutochaguliwa upya kwa viongozi wake. Uchaguzi wa LC I na LC II ulifanywa mapema katika miaka ya 2000. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mabaraza yaliyochaguliwa chini ya mfumo wa zamani usio wa vyama hayakuwa halali katika mfumo mpya wa vyama vingi. Uchaguzi mwingine haukufanyika mpaka tarehe 10 Julai 2018, wananchi walipopanga mistari nyuma ya wagombea wao. Kwa miaka zaidi ya kumi wenyeviti waliendelea kupiga mihuri bila idhini mpya ya wapiga kura. Wengine walizeeka, wengine walihama, wengine walikufa na mihuri yao ikarithiwa kama jembe. Polisi waliopokea barua za udhamini, na mawakili waliopokea mikataba ya viwanja iliyoshuhudiwa na wenyeviti hao, walijua wanasimama juu ya ubao uliooza, lakini ubao mwingine haukuwapo. Muda wa waliochaguliwa mwaka 2018 ulipokwisha mwaka 2023, uliongezwa badala ya kuitishwa uchaguzi. Malipo ya mwenyekiti wa kijiji kwa miaka mingi yalikuwa shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Anayeshangaa kwa nini baadhi yao hudai chochote kabla ya kupiga muhuri na aifanye hesabu hiyo.

Kampala yenyewe ilichukua njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 2010, jiji liliondolewa katika orodha ya wilaya na kuwekwa chini ya serikali kuu, na mamlaka ya KCCA ikaanza kazi mwaka 2011. Jiji lina Meya Mkuu aliyechaguliwa na wananchi, na lina Mkurugenzi Mtendaji aliyeteuliwa na Rais. Katika miaka ya mwanzo mapato ya jiji yaliongezeka zaidi ya maradufu, barabara nyingi zilitengenezwa, na mikopo ya Benki ya Dunia ilisaidia kurekebisha makutano yaliyokuwa yakiziba magari tangu asubuhi. Lakini Meya Mkuu Erias Lukwago na Mkurugenzi Jennifer Musisi walivutana hadharani juu ya nani mwenye kauli, na mwishoni mwa mwaka 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa Meya. Aliyewekwa barabarani kusimamia maandamano na kufunga milango ya ukumbi wa jiji alikuwa askari polisi, ambaye katika daftari lake hakuna kanuni inayomwelekeza afanye nini mamlaka mbili halali zinapotoa amri mbili zinazopingana.

Mipaka ya madaraka ilionyesha sura mbaya zaidi Kiteezi. Jaa hilo la taka, lililotumika tangu mwaka 1996, liliendeshwa na jiji la Kampala, lakini liko katika wilaya ya Wakiso. Jiji lilileta taka. Wilaya ilikuwa na watu waliojenga nyumba chini ya mlima wa taka. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka na kufukia nyumba, na watu zaidi ya 30 walikufa. Polisi na waokoaji walichimba kwa siku nyingi. Mwezi Septemba Rais aliwaachisha kazi viongozi watatu wa juu wa KCCA. Hatari ya mlima ule haikuwa siri kwa waliokaa karibu nao. Kati ya serikali mbili zilizokuwa jirani, ilikosekana moja iliyohesabu kwamba kuwahamisha watu wale ni kazi yake.

Nchi jirani zimepita njia zinazofanana. Tanzania, mwaka 1972, ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani kwa kuwapeleka maafisa wa serikali kuu mikoani na kuyavunja mabaraza ya wilaya. Huduma za miji zilizorota hata mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978, sheria mpya za serikali za mitaa zikapitishwa mwaka 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuyavunja lilikuwa kosa. Kenya ilisubiri hadi katiba ya 2010, kisha mwaka 2013 ikaanzisha kaunti 47 zenye magavana waliochaguliwa. Uganda iliuanza mpango wake kutoka kijijini, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Katika kila wilaya ya Uganda ipo kamati ya usalama. Huongozwa na mwakilishi wa Rais anayeitwa RDC, na ndani yake wamo mkuu wa polisi wa wilaya, afisa wa usalama wa ndani na wakuu wengine. Mwenyekiti wa LC V ndiye kiongozi wa kisiasa wa wilaya, na CAO ndiye mwenye dhamana ya fedha na watumishi. Askari aliyehamishwa jana kutoka Moroto kwenda Masaka atawakuta watatu hao, na ataletewa amri kwa jina la kila mmoja. RDC hana mamlaka ya kutumia fedha za baraza. Mwenyekiti hawezi kumwamuru mkuu wa polisi amkamate diwani aliyempinga. CAO hawezi kumwondoa mtu katika kiwanja kwa kutuma polisi bila hati.

Viwanja ndivyo vinavyowaponza askari wengi. Ardhi ya umma wilayani husimamiwa na bodi ya ardhi ya wilaya, na migogoro ya vibanja huanzia kwenye mabaraza ya chini. Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2010 haimruhusu mwenye ardhi kumtoa mwenye kibanja halali ila kwa kutolipa busuulu, na tena kwa amri ya mahakama. Tajiri anayefika kituoni na barua ya ofisi fulani, akiomba askari sita wa kusindikiza tingatinga alfajiri, huwa anajua hilo. Ndiyo maana amekuja alfajiri. Mkuu wa kituo anayemtaka kwanza aonyeshe amri ya mahakama, kisha akampigia simu mwenyekiti wa kijiji kumuuliza nani anaishi pale na tangu lini, amejilinda yeye na askari wake sita.

Tangu tarehe 26 Februari 2022, ulipozinduliwa mpango wa maendeleo wa muluka huko Kibuku, fedha nyingi zaidi zimeelekezwa karibu na mwananchi. Mpango ulikadiria shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila muluka, katika miluka zaidi ya 10,500, ili kaya maskini zikopeshwe hadi shilingi milioni 1 kila moja. Chifu wa muluka, ambaye kwa miaka mingi alikuwa jina katika orodha ya mishahara, amekuwa mtu anayetafutwa. Malalamiko kuhusu majina ya uongo na makato yasiyo halali yamefika polisi katika wilaya kadhaa. Mpelelezi anayepewa jalada la namna hiyo atakuta kwamba shahidi wake wa kwanza ni daftari la kikundi, na wa pili ni majirani, wanaojua nani alinunua nguruwe na nani hakununua.

Serikali ilianzisha mwaka 2009 mikutano inayoitwa baraza, ambapo maafisa wa wilaya na gombolola husimama mbele ya wananchi na kusoma walichopokea na walichotumia. Mkutano hufanywa uwanjani au chini ya mti. Mhandisi huulizwa kuhusu kisima, daktari kuhusu dawa, na mkuu wa kituo cha polisi akiwapo huulizwa kuhusu pikipiki zilizoibwa na kuhusu askari aliyeomba fedha ya mafuta ili afike mahali pa tukio. Wapo wakuu wa vituo wanaotuma koplo awawakilishe. Walio wengi waliokwenda wenyewe, wakaketi kwenye benchi moja na mwenyekiti wa LC na kujibu kwa majina na tarehe, walirudi kituoni na habari ambazo wananchi hawakuwa wamezileta kwa mwaka mzima.